Kupima interferoni-gama ya kipanya kwa R4-6A2 na XMG1.2: mwongozo kamili kwa wanaokwama na pleti

Wiki iliyopita simu iliingia saa mbili usiku kutoka Tengeru. "Shikamoo dada. Kingamwili imekufa. Pleti nzima imetoka maji matupu." Marahaba, mdogo wangu. Nilimwuliza maswali matatu, na kwenye la tatu tukampata mchawi: PBS (maji ya chumvi yenye pH tulivu) aliyoazima chumba cha jirani ilikuwa imetiwa sodiamu azaidi ili isiote ukungu, na azaidi huzima HRP, kimeng'enya kinacholeta rangi kwenye pleti. Kingamwili yake ilikuwa nzima. Lakini alikuwa ameshaitupa, na seramu za vipanya kumi na wawili zilishaingia kwenye pleti ile.

Simu za namna hii zinanijia mara kwa mara, za Moshi na za Arusha, na karibu kila mara kingamwili ndiyo inayosingiziwa. Ndiyo maana naandika kazi yote hapa, kuanzia chupa ikiwa kwenye friji hadi namba kwenye skrini. Tunapima interferoni-gama ya kipanya, protini inayotolewa na seli za kinga, kwa ELISA ya sandwichi, yaani kipimo cha rangi kinachobana protini kati ya kingamwili mbili kwenye visima vya pleti: kingamwili R4-6A2 inakaa chini na kunasa, XMG1.2 iliyofungwa biotini inakuja juu na kugundua. Zote mbili zinauzwa na kampuni nyingi, kwa hiyo chupa yako huenda haina jina sawa na yangu, ila namba ya kloni, yaani hiyo R4-6A2 au XMG1.2, ni ileile.

Sharti moja naliweka mbele ya yote. Usiguse sampuli hata moja mpaka stendadi (interferoni ya kiasi kinachojulikana) peke yake imetoka vizuri mara mbili, siku mbili tofauti. Kipanya wa gramu 25 ana damu isiyofika mililita 2 mwili mzima. Ukimtoa damu ya mwisho unaambulia seramu ya mililita 0.3 hivi, yaani visima vitatu tu. Mnyama huyo hafi mara mbili ili wewe ujifunze pipeti.

## Kwanza tuelewane kuhusu neno "panya"

Kiswahili kinamwita panya kila anayekimbia darini. Kwenye maabara hao ni wanyama wawili, na lebo ya chupa yako imesimama juu ya tofauti hiyo. Hapa nitasema kipanya kwa yule mdogo, Mus musculus, na panya mkubwa kwa Rattus norvegicus. Panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, ni mnyama wa tatu na hahusiki.

R4-6A2 na XMG1.2 zote ni kingamwili za panya mkubwa, aina ya IgG1, dhidi ya interferoni ya kipanya. Ukilielewa hilo umeepuka kosa la kwanza kubwa: huwezi kugundua kwa kingamwili ya pili inayoshika kingamwili za panya mkubwa. Itaishika XMG1.2, ndiyo, lakini itaishika pia R4-6A2 iliyolala chini kwenye kila kisima. Pleti nzima itakuwa bluu, hata visima visivyo na kitu. Biotini ipo kwa sababu hiyo hasa: streptavidini, protini inayobeba HRP, inaitafuta biotini, haijali mnyama.

Jingine, jozi hii haisomi interferoni ya binadamu. Protini hizo mbili zinafanana kwa takriban asilimia 40 tu ya asidi amino. Nimeshaombwa mabaki ya chupa ili mtu ajaribu seramu ya wagonjwa. Nilikataa, kwa kuwa jibu lingekuwa sifuri isiyo na maana.

Na kama vipanya wako walidungwa XMG1.2 katika jaribio lenyewe, ili kuzuia interferoni isifanye kazi, usitumie mwongozo huu. Dawa hiyo bado imo kwenye damu yao na imeshakaa mahali pale pale unapotaka kugundulia.

## Vya kuandaa

Kingamwili na wenzake:

- R4-6A2 isiyofungwa kitu chochote, na isiyo na BSA (protini ya damu ya ng'ombe) wala jelatini. Protini za kuongeza hugombania nafasi kwenye plastiki na kuisukuma kingamwili nje.
- XMG1.2 iliyofungwa biotini.
- Stendadi, yaani interferoni-gama ya kipanya iliyotengenezwa na kupimwa kiwandani.
- Streptavidini-HRP na TMB, kimiminika ambacho HRP hukigeuza bluu.

Bafa:

- PBS, pH 7.4. Kwa lita moja: NaCl gramu 8, KCl gramu 0.2, Na2HPO4 gramu 1.44, KH2PO4 gramu 0.24.
- Bafa ya kupakia, pH 9.5. Kwa lita moja: NaHCO3 gramu 7.13 na Na2CO3 gramu 1.59, kisha sogeza pH kwa NaOH.
- Bafa ya kuoshea: PBS lita moja na Tween-20 (sabuni laini) nusu mililita.
- Bafa ya kuzibia na kuchimulia (kupunguza ukolezi): PBS yenye BSA asilimia 1.
- Asidi ya salfuriki mola 1 ya kusimamishia. Mililita 5.6 za asidi kali kwenye maji mililita 94 hivi. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, polepole, ukiwa na miwani na glavu. Ukigeuza, inachemka na kukurukia usoni.

Vifaa: pleti ya visima 96 ya ELISA inayoshika protini kwa nguvu, pipeti ya ncha nane, stika za kufunikia pleti, taulo za karatasi za kutosha, na mashine ya kusomea pleti yenye nanomita 450 na 570.

Pleti ya kuoteshea seli inafanana sana na ya ELISA, na ndiyo iliyojaa kabatini. Usiichukue. Plastiki yake imetengenezwa ili seli zikae, na kingamwili inaishika kwa kubahatisha.

Maji yote yawe yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba ya upande wa Meru yana floridi ya kutia meno rangi pamoja na chumvi nyingine, pH ya bafa inayumba, na klorini ikiwemo inaweza kuibadilisha TMB rangi yenyewe bila kimeng'enya. Tween nayo ni nzito kama asali: kata ncha ya tipsi kwa mkasi, vuta taratibu, na futa nje ya tipsi kabla ya kumimina. Nusu mililita iliyopimwa haraka haraka mara nyingi ni robo.

## Hatua ya 1: Pokea mzigo na ugawe siku hiyo hiyo

Mzigo uwe umetua KIA au umekuja na basi la usiku kutoka Dar, usiuache kwenye deli mpaka kesho. Fungua, tazama barafu imebaki kiasi gani, andika.

Kingamwili za maji zinakaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Usizigandishe, na streptavidini-HRP usiigandishe kamwe. Stendadi ni kinyume: igawe vitone vya maikrolita 10 au 20 juu ya barafu, weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kitone kikiyeyuka kimetumika. Hakirudi.

Hapa watu wengi wanageuza hofu yao. Kingamwili ni ngumu kuliko tunavyodhani. Siku moja njiani bila baridi mara nyingi haiiui. Anayekufa kwanza ni stendadi. Interferoni-gama haipendi joto wala asidi, na ikiwa nyepesi sana inajibandika kwenye kuta za tyubu. Usiku mmoja umeme ulikatika kwenye maabara niliyokuwa nikifanya kazi, jenereta haikuwaka, na asubuhi tukakuta friza imelegea na maji sakafuni. Tukaigandisha stendadi tena tukijipa moyo. Kwa mwezi mzima namba zetu zilikuwa juu kupita kiasi, kwa sababu stendadi iliyodhoofika inafanya kila sampuli ionekane tajiri. Tuligundua tulipofungua kitone kipya. Ukiona friza imelegea, andika stendadi hiyo "imeyeyuka" kwa wino mweusi na uitumie kufundishia tu.

Kabla ya kufungua tyubu yoyote ndogo, izungushe kwenye sentrifuji sekunde kumi. Theluthi ya kingamwili yako huenda imekwama kwenye kifuniko.

Umefaulu ukiona: kila tyubu ina tarehe, ukolezi na jina la kloni, na daftari linaonyesha mzigo ulifika ukiwa na hali gani.

## Hatua ya 2: Jaribio la tone la bluu

Dakika tano tu, na lingemwokoa mdogo wangu wa Tengeru.

Chimua streptavidini-HRP mara 100 kwa PBS mpya. Chukua tyubu mbili safi. Ya kwanza tia TMB maikrolita 50 na PBS mpya maikrolita 50. Ya pili tia TMB maikrolita 50 na maikrolita 50 za bafa unayotaka kuitumia leo. Kila moja iongeze maikrolita 1 ya HRP uliyochimua. Tazama zikiwa pamoja juu ya karatasi nyeupe.

Umefaulu ukiona: bluu kwenye zote mbili, kwa kasi moja. Ya pili ikibaki nyuma, bafa ina azaidi au uchafu mwingine. Mwaga, tengeneza nyingine. Zote zikibaki maji, TMB au HRP ndiyo iliyokufa, na hakuna haja ya kupakia pleti leo.

## Hatua ya 3: Pakia kingamwili ya kunasa

Anza jioni. Unahitaji mililita 10.5 kwa pleti nzima, kwa ukolezi wa maikrogramu 2 kwa mililita. Chupa yako ikiwa na miligramu 0.5 kwa mililita, hiyo ni maikrolita 42 za R4-6A2 ndani ya bafa ya kupakia. Kwa hesabu hiyo nusu miligramu inakupa pleti zaidi ya ishirini, kwa hiyo usibane matumizi hapa. Kuna wanaopakia nusu maikrogramu ili kuokoa. Wanaokoa shilingi na kupoteza wanyama.

Maikrolita 100 kila kisima. Gonga ubavu wa pleti taratibu ili maji yafunike sakafu yote ya kisima. Funika kwa stika, weka friji mpaka asubuhi, mahali tambarare. Pleti iliyolala upande juu ya mtungi itakuwa na rangi upande mmoja wa kila kisima.

Umeme ukikatika usiku, usifungue friji. Mlango uliofungwa unatunza baridi ya kutosha kwa kazi hii.

## Hatua ya 4: Osha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, nami nitakaa kidogo.

Kingamwili iliyoshika plastiki haitoki kwa maji ya PBS na Tween. Isiyoshika inatoka. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kipimo chako, na inatengenezwa na mikono yako, si na mashine. Mwaga pleti kwenye sinki kwa kuipindua mara moja kwa nguvu, kama unavyomwaga makapi kutoka kwenye ungo. Jaza kila kisima maikrolita 300 za bafa ya kuoshea. Subiri nusu dakika. Tween inahitaji muda wa kung'oa. Mwaga tena. Rudia mara tatu baada ya kupakia.

Mwisho wa kila kuosha, weka taulo za karatasi mezani na uipige pleti kifudifudi juu yake, mara nne tano, mpaka karatasi haipokei alama za duara. Inua pleti kwenye mwanga wa dirisha uangalie kila kisima. Ukiona povu limebaki pembeni, hujamaliza.

Kisha usiondoke. Pleti iliyokauka hata dakika kumi kwenye upepo wa feni huanza kutoa rangi za ajabu. Kitu kinachofuata kiwe tayari kwenye beseni la pipeti kabla hujaanza kuosha.

Umefaulu ukiona: visima vyote vina unyevu mwembamba unaong'aa, hakuna tone, hakuna kilichopauka.

## Hatua ya 5: Ziba

Maikrolita 200 za PBS yenye BSA asilimia 1, saa moja, joto la chumba. Plastiki iliyobaki wazi inashika chochote kitakachopita. BSA inaijaza kwanza.

Usitumie maziwa ya unga. Najua yapo dukani na yanaziba vizuri kwenye kazi nyingine za maabara. Maziwa yana biotini, na biotini hiyo inainyang'anya XMG1.2 yako ile streptavidini. Nilimwona kijana mmoja akibadilisha kila kitu isipokuwa maziwa, wiki tatu mfululizo.

Baada ya saa moja, osha mara tatu.

## Hatua ya 6: Stendadi

Yeyusha kitone kimoja juu ya barafu. Tuseme kina maikrogramu 1 kwa mililita, sawa na pikogramu milioni moja kwa mililita. Kuchimua kote kufanyike kwa bafa yenye BSA, kwa kuwa bila BSA interferoni inabaki kwenye ukuta wa tyubu na mkunjo wako, yaani mchoro wa rangi za stendadi, unaporomoka chini.

Maikrolita 10 kwenye bafa maikrolita 990: umepata 10,000. Kutoka hapo chukua maikrolita 200, tia kwenye bafa maikrolita 800: umepata 2,000, na hii ndiyo tyubu ya juu. Panga tyubu nyingine sita zenye bafa maikrolita 500 kila moja. Hamisha maikrolita 500 kutoka moja kwenda nyingine: 1,000, 500, 250, 125, 62.5, 31.25. Tyubu ya nane ni bafa tupu.

Badilisha tipsi kila tyubu. Changanya kwa kuvuta na kusukuma mara kumi polepole bila povu. Mtu anayetumia tipsi moja tokea juu hadi chini anabeba interferoni ya tyubu ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkunjo unakataa kushuka.

Tia maikrolita 100 kwenye visima viwili viwili. Funika, saa mbili, joto la chumba, kisha osha mara tano.

Neno juu ya "joto la chumba". Lililoandikwa kwenye karatasi za kampuni ni nyuzi 20 hadi 25. Moshi mwezi wa pili mchana chumba bila kiyoyozi kinapita 30, na Tengeru mwezi wa saba asubuhi mikono inaganda. Ndiyo maana stendadi inakaa kwenye kila pleti, kila siku. Mkunjo wa jana wa Moshi hausomi pleti ya leo, achilia mbali ya Arusha.

## Hatua ya 7: XMG1.2 yenye biotini

Maikrogramu 1 kwa mililita. Kwa chupa ya miligramu 0.5, ni maikrolita 21 kwenye bafa ya kuchimulia mililita 10.5. Maikrolita 100 kila kisima, saa moja. Osha mara tano.

## Hatua ya 8: Streptavidini-HRP

Chimua kama lebo inavyosema, kwa bafa iliyofaulu jaribio la tone la bluu. Maikrolita 100, nusu saa, mbali na jua la dirishani. Usipitilize kwa kudhani zaidi ni bora. Kinachoongezeka ni rangi ya visima vitupu.

Osha mara saba. Si tano. HRP iliyobaki kwenye kona moja ya kisima inatosha kukudanganya.

## Hatua ya 9: TMB na asidi

Toa TMB friji nusu saa kabla. TMB ya baridi inaamka polepole na visima vya pembeni vinatangulia vya katikati.

Maikrolita 100 kila kisima, kwa mpangilio na kasi ileile utakayotumia kwenye asidi. Weka pleti gizani, kwenye droo inatosha. Ichungulie kila dakika tano. Bluu itaanzia safu ya 2,000 na kushuka kama ngazi. Kati ya dakika 15 na 30, ngazi ya chini ikianza kutofautiana na kisima tupu, simamisha kwa asidi maikrolita 50. Bluu inageuka njano papo hapo. Kisima kikionyesha kijani, asidi haijachanganyika. Gonga pleti ubavuni.

Soma ndani ya dakika 15, kwa nanomita 450, utoe usomaji wa 570.

Umefaulu ukiona: kisima tupu kiko chini ya 0.1, stendadi ya 2,000 iko kati ya 1.5 na 3, na visima pacha havipishani zaidi ya asilimia 15. Chora kwa mkunjo wa vigezo vinne ambao programu ya mashine inao. Mstari mnyoofu wa Excel unapinda ukweli wa juu na wa chini.

Hilo likitoka mara mbili, sasa ruksa.

## Hatua ya 10: Sampuli zenyewe

Sampuli zinaingia kwenye hatua ya 6, pamoja na stendadi. Damu iachwe igande dakika 30, izungushwe kwa nguvu ya 2,000 g kwa dakika 10, kisha seramu ya juu itolewe, igawanywe na kugandishwa. Seramu nyekundu iweke kando. Chembe nyekundu zikipasuka hutoa himu, kiini cha damu chenye chuma, na himu inafanya kazi kama HRP; inatia TMB rangi bila interferoni yoyote.

Kila pleti ya sampuli lazima iwe na sampuli unayojua ina interferoni. Rahisi kuliko zote ni seli za bandama zilizochochewa kwa konkanavalini A, maikrogramu 2 hadi 5 kwa mililita, siku mbili hadi tatu. Chukua majimaji ya juu. Hayo yanaweza kuwa na maelfu ya pikogramu, kwa hiyo chimua mara 10 na mara 50 uweke yote mawili. Zidisha jibu kwa chimulio mwishoni. Majibu mawili yakikubaliana, pleti inasema kweli. Yakitofautiana sana, kuna kitu kwenye sampuli kinachozuia.

Jaribio jingine nalipenda: chukua seramu moja, igawe mbili, nusu moja uiongeze stendadi ya pikogramu 250 kwa mililita. Ukirudishiwa kati ya asilimia 80 na 120 ya ulichoongeza, seramu haifichi kitu.

## Ukikwama

Pleti yote maji. Rudi kwenye tone la bluu kwanza. Likifaulu, pakia visima vinne kwa XMG1.2 yenye biotini moja kwa moja, maikrogramu 0.1 kwa mililita, usiku kucha, kisha ziba na tia streptavidini-HRP. Vikitoa rangi, biotini na HRP zinaonana na tatizo liko chini: stendadi, R4-6A2 au pleti. Visipotoa, umelipata. Ni baada ya hapo tu mtu ana haki ya kusema kingamwili imekufa.

Pleti yote bluu. Kuosha, au kuziba, au umetumia kingamwili ya pili dhidi ya panya mkubwa.

Pembeni kali, katikati hafifu. Stika haikushika, au pleti zilipangwa moja juu ya nyingine na ya katikati ikabaki baridi. Zitandaze mezani.

Sampuli zina rangi kuliko stendadi ya juu. Chimua upya. Usibuni namba iliyo juu ya mkunjo.

Stendadi nzuri, sampuli ya bandama nzuri, lakini seramu zote chini. Hapa hakuna kilichoharibika. Kipanya mzima, asiye na maambukizi, mara nyingi ana interferoni-gama kidogo sana kwenye damu, chini ya uwezo wa pleti hii. Usirudie pleti mara nne ukitafuta rangi, na usiongeze muda wa TMB mpaka kitu kitokee. Kwenye jedwali andika "chini ya 31.25", usiandike sifuri, na seramu iliyobaki irudishe kwenye friza ikiwa na namba ya mnyama wake.